Violet na Sauti ya Pili

Violet alipomaliza kuimba alijua ameimba. Zipo siku mwimbaji hahitaji kuuliza mtu, koo lenyewe linampa habari. Alivua hedifoni, akazitundika kwenye maiki, akamtazama Macaire kupitia kioo kwa uso wa mtu anayengoja pongezi. Macaire hakupongeza. Alikuwa ameshika kidevu, anakodolea mashine zake macho.

Macaire alikuwa fundi wa kurekodi, Mkongo wa Bukavu, na studio yake ilikuwa chini ya nyumba yake mwenyewe huko Annandale, Virginia, Marekani. Ukitaka kurekodi, kwanza uruke viatu vya watoto, kisha mkewe aombwe azime mashine ya kufulia. Lakini masikio alikuwa nayo, hilo hata waliomchukia walikubali.

"Dada Violet, pole kidogo," alisema. "Ile sauti ya kwanza iko wapi?"

"Sauti ya kwanza ipi?"

"Ya wimbo. Ile watu watashika, wataenda nayo nyumbani."

"Si ndiyo hiyo niliyoimba?"

"Apana." Akabonyeza kitufe. "Sikia mwenyewe."

Violet akajisikia. Sauti ilikuwa safi, haikutikisika hata mahali pamoja, na ilikuwa sauti ya pili tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Ilipita chini inapopita sauti ya pili, ikanyamaza inaponyamaza sauti ya pili. Juu yake hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu: majibu unayapata, maswali huyapati.

"Mungu wangu," alisema Violet, akakaa kwenye kiti.

Kilichomtia baridi si kukosea. Kukosea kitu gani, watu hukosea. Kilichomtia baridi ni kwamba ndani ya zile hedifoni, wimbo mzima, yeye aliisikia sauti ya kwanza. Aliisikia ikiingia kwa ule mvuto wa pumzi, mrefu, wa puani, kabla ya neno "Niachie". Duniani alikuwapo mtu mmoja tu wa kuvuta pumzi namna ile, naye alikuwa chini ya udongo wa Virginia tangu Februari ya mwaka uliopita.

Hakumwambia Macaire. Alisema amechoka, amesukuma wagonjwa na wazee tangu alfajiri, akachukua koti lake. Na kweli alikuwa amesukuma. Kazi yake ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege wa Dulles, akawafikisha watu kwenye ndege zao, na jioni akarudi chumbani kwake Herndon, si mbali na hapo, ndege zikipita juu ya paa.

Violet alizaliwa Mwika, Kilimanjaro, akakulia kwenye kwaya ya Kilutheri. Kwaya za kule hazina mchezo. Kila sauti inapewa kona yake ya kanisa, inafundishwa peke yake, do-re-mi, mpaka iingie kwenye mifupa, na kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kuchanganyika na wenzako. Violet alipewa sauti ya pili angali msichana mdogo na hakutoka huko tena. Watu wa sauti ya pili ni watu wa ajabu. Hakuna anayepiga mluzi sauti yao akirudi nyumbani, na wala hawaoni shida. Ila ukiwaondoa, wimbo unabaki uchi mbele za watu. Hivyo ndivyo wanavyojisemea wenyewe, na wana haki yao.

Alikutana na Mwatumu kwenye harusi ya Watanzania, Silver Spring. Violet alikuwa anagawa pilau. Mwatumu, binti wa Tanga, mweusi wa kung'aa, alikuwa jukwaani na bendi ya Gitau. Akaimba. Violet, mwiko mkononi, akajikuta anaitikia kutoka kule kwenye masufuria. Mwatumu akasimamisha bendi nzima.

"Nani huyo anayeniitikia? Hebu njoo hapa, na mwiko wako uje nao!"

Akaenda, na mwiko akaenda nao, watu wakacheka mpaka bwana harusi akasahau alikuwa anataka kutoa hotuba. Tangu siku hiyo hawakuachana. Gitau, Mkenya aliyepiga gitaa la besi na mchana akaendesha teksi, alimchukua na Violet kwenye bendi. Bendi ilipiga muziki wa soul, ya Kimarekani na ya kwao wenyewe kwa Kiswahili, kwenye vilabu vya U Street, Washington, na Wamarekani wasiojua hata "jambo" walifuta machozi. Wimbo wao mkubwa waliutunga ndani ya gari la Violet, kwenye foleni, mvua inanyesha. Uliitwa "Niachie Taa". Ni mwanamke anatoka kwenda kazi ya usiku, anamwambia aliyebaki: niachie taa, narudi.

Kwenye hilo neno "narudi" Mwatumu alikuwa na ubishi wake. Alipanda nalo akaning'inia huko juu, hashuki. Mpiga ngoma anakasirika, Gitau anatoa macho, na yeye yuko huko huko na "narudi" yake. Kazi ya Violet ilikuwa kumshikia. Aliishika noti yake chini, akavumilia, mpaka mwenzake aamue kushuka, kisha wakatua pamoja.

"Umeshuka, shoga?" alimuuliza wakitoka jukwaani.

"Nimeshuka. Ungeniacha ningebaki huko huko."

Mara kwa mara Mwatumu alimsema. "Toka peke yako, Vai. Una sauti, una umri, unajificha ndani ya kanga yangu mpaka lini?" Violet alicheka tu. Kujificha kwenyewe kulikuwa kutamu.

Halafu Mwatumu akafa. Mshipa wa kichwa, Alhamisi alfajiri, kwenye chumba alichopanga kule mtaa wa Shaw. Gitau alimpigia Violet akiwa kazini, na Violet, maskini, akafanya kama alivyolelewa. Kwao Uchaggani mtu hafi leo akazikwa kesho. Watu wanaitana, vikao vinakaa, ndugu wa mbali wanasubiriwa, maiti anaagwa uso kwa uso. Alijua Waislamu huzika haraka, hilo alilijua, lakini akajisemea kwamba hiyo ni Tanga. Hapa Marekani, ambapo hata kuchota maji kuna kibali, hata maiti atapangiwa foleni. Basi Ijumaa akafanya zamu mbili mfululizo ili apate wiki nzima ya kukaa msibani. Simu aliifungia kabatini, ikaishiwa chaji huko huko. Akarudi, akapika usiku, na Jumamosi asubuhi akafika Shaw na sufuria la pilau, gauni jeusi limepigwa pasi.

Aliwakuta wanawake wamekaa chini, wanasoma. Akasalimia, akatua sufuria, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwili uko wapi? Nataka nimwone kwanza."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akainuka akamshika mkono.

"Tumeshamstiri, dada. Jana, baada ya swala. Tulikupigia sana."

Violet alisimama pale na kifuniko cha sufuria mkononi. Hakulia. Angemlilia nani? Hakumwona akiwa amelala, hakuona shuka, hakuona shimo. Mtu aliyemwacha Jumatano akicheka mlangoni mwa klabu, amesahau skafu, anarudi kuichukua, leo anaambiwa ameshastiriwa. Kichwa kilisikia, masikio yakakataa.

Na masikio yakiamua kukataa, yana njia zao. Wiki ile ile, akiwa anamsukuma mzee mmoja kwenye korido ndefu ya Dulles, alisikia ile pumzi ikivutwa nyuma ya bega lake. Akageuka. Hakuna mtu, ila mzungu na begi lake. Siku nyingine ilikuja akiosha vyombo. Siku nyingine kanisani, katikati ya sala. Siku ya kwanza aliogopa, hilo tusifiche. Baadaye hakuogopa tena. Baadaye, ukweli usemwe, alianza kuisubiri. Akiwa peke yake kwenye gari alianza "Niachie Taa" kwa sauti ya pili, akaacha nafasi, na nafasi ikajazwa. Ikawa siri yake na raha yake, na akakonda.

Gitau ndiye aliyesema inatosha. Bendi ilikuwa imesambaratika, na yeye hakutaka Violet apotee nayo. "Vio, utoke solo," alimwambia. "Marehemu mwenyewe alikuwa akikuambia, sisi wote tulikuwa tunasikia." Akazungumza na Macaire, akatafuta wapiga vyombo, akakodi ukumbi mdogo U Street kwa ajili ya uzinduzi, na bila kumuuliza akachapisha mabango. Violet alishtuka kujiona kwenye dirisha la mgahawa wa Wahabeshi, uso wake peke yake, na pembeni mwa uso wake patupu. Vyombo vyote vilikuwa vimesharekodiwa. Kilichobaki ni sauti. Ikikosekana sauti, hakuna santuri, hakuna uzinduzi, na lile bango linabaki kuwa aibu ya mtu mzima.

Ndiyo maana, baada ya ile siku ya kukosea, Jumapili iliyofuata alirudi Annandale. Safari hii Gitau alikuja pia. Macaire alimpigia wimbo kwenye kinanda, kidole kimoja, noti kwa noti, kama mtoto anayefundishwa. Violet akaushika. Mstari wa kwanza ukatoka vizuri, wa pili ukatoka, Gitau akaanza kutabasamu. Ukafika "narudi". Pumzi ikavutwa masikioni mwa Violet, na sauti yake ikateremka yenyewe, ikaenda ikasimama mahali pake pa zamani, chini, ikishikilia, ikingoja.

Wakarudia. Ikateremka. Wakarudia tena.

"Vio," Gitau alisema taratibu, "kwani unaimba na nani huko ndani?"

Violet aliwatazama wote wawili. Alikuwa amechoka kweli.

"Na Mwatumu," alisema. "Naimba na Mwatumu. Haya, nichekeni."

Hakuna aliyecheka. Macaire alifanya ishara ya msalaba, kisha akainama akavuta droo. Alikuwa na mkanda wa mazoezi ya zamani, Mwatumu anaimba wimbo huo huo. Sauti ile angeweza kuitoa akaiweka juu ya vyombo vipya, na Violet chini yake, sawa na zamani.

"Mutu akikufa anaacha sauti yake, dada. Ile njo mali yetu. Watu watalia, ma soeur."

"Aki watalia," Gitau alisema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imeshalowa.

Violet aliutaka sana ule mkanda. Angeimba alivyozoea, asimwache mtu, asiachwe. Lakini kulikuwa na neno la mama. Wakati wa msiba, mama yake Mwatumu alituma neno kutoka Tanga: nyimbo za mwanangu zisipigwe tena, mwacheni apumzike. Gitau alikuwa tayari kulisahau. Violet hakuweza.

"Lazima nimuulize mama yake," alisema.

"Muulize basi, si una namba?"

Namba alikuwa nayo, na hapo ndipo palipomuuma. Tangu Mwatumu afe, Violet hakuwahi kumpigia mama huyo hata siku moja. Hakwenda kuhani. Mwanzoni aliona haya: atasema nini, kwamba rafiki kipenzi alifika siku ya pili na pilau? Kila wiki iliyopita ikaongeza haya juu ya haya, mpaka simu yenyewe ikawa mlima. Mtu mzima, aliyelelewa, hajampa mama wa marehemu pole. Kwao na hata kwa akina Mwatumu, hilo ni kosa ambalo halina jina zuri.

Alinunua kadi ya kupigia nyumbani, akakaa ndani ya gari kwenye maegesho ya Dulles wakati wa mapumziko, akakwangua namba kwa ukucha.

"Haloo?"

"Shikamoo, mama. Ni Violet, wa Marekani. Rafiki yake Mwatumu."

Kimya. Violet akadhani kadi imeisha.

"Marahaba." Ilikuwa sauti ya Mwatumu, iliyozeeka tu. Violet akaushika usukani kwa mkono wa pili. "Violet yule muitikiaji?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mwaka mzima, we mtoto! Ulikuwa waja kwa miguu?"

Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka. "Mama, nimekuja kuhani. Poleni sana na msiba. Sikuwahi kumzika. Nilifika Jumamosi."

"Najua. Niliambiwa. Na sufuria la pilau."

"Na sufuria la pilau, mama."

"Lililiwa?"

"Lililiwa."

"Basi. Sisi tushapoa, mwanangu. Pole na wewe. Wewe ndiye uliyefiwa huko, sisi tulipigiwa simu tu."

Violet akauma mdomo. Msibani pole zilikwenda kwa ndugu, na baadaye kwa Gitau, kwa kuwa ndiye mwenye bendi. Yeye hakuwa ndugu, wala hakuwa mwenye chochote. Hii ilikuwa pole yake ya kwanza.

Akamweleza habari ya mkanda. Hakuficha kitu: wanao, wanautaka, na yeye mwenyewe anautaka kuliko wote, ila hakutaka kumwibia.

"La," mama alisema papo hapo. "Hapana, Violet. Sikukataza kwa ubaya. Uimbaji wake niliupenda, msinione mama wa roho mbaya. Lakini siku ile jirani alipoufungulia wimbo wake, mie nilihamisha kiti nikakaa karibu na simu. Mtu mzima mie! Nakaa namngoja apige. Sasa mtu unayemngoja utamwombea dua vipi?"

Nje, ndege ilikuwa inashuka.

"Mimi pia namngoja, mama," alisema Violet. "Namsikia akivuta pumzi. Namngoja aanze, ndiyo nami niingie."

Violet akamsikia mama anafuta pua kwa kanga.

"Hataanza, mwanangu," alisema. "Hataanza tena. Anza wewe."

Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa kwenye kadi ikaingilia kati kusema muda unakwisha, na simu ikakatika wakiwa wanaagana.

Violet alirudi studio Jumapili iliyofuata. Mkanda, alisema, usiguswe. Gitau alifungua mdomo, akamtazama usoni, akaufunga. Mke wa Macaire alizima mashine ya kufulia, nyumba ikatulia. Violet akavaa hedifoni, vyombo vikaanza, akaisubiri ile pumzi kwa mazoea. Alisubiri mpaka nafasi ya kuingia ikampita.

"Rudisha," alisema.

Macaire akarudisha. Safari hii Violet alivuta pumzi yeye mwenyewe, ndefu, ya puani, akaanza. Aliimba sauti ya kwanza. Haikuwa na ule mng'aro wa Tanga, ilikuwa nzito zaidi, ya mtu aliyezoea kusukuma. Mstari kwa mstari alikuwa akitega sikio, kama kuna mtu anamjia chini au juu, nyuma au pembeni. Hapakuwa na mtu. Zile hedifoni zilikuwa na gitaa, na ngoma, na yeye. Akafika "narudi", akapanda, na alipokuwa huko juu peke yake ndipo alipoelewa kwamba Mwatumu amekufa. Akashuka kwa wakati, sawasawa na ngoma, akamaliza wimbo mpaka neno la mwisho. Kisha akachuchumaa sakafuni na hedifoni kichwani akalia, kilio cha msibani, cha sauti, kilichochelewa mwaka na zaidi. Gitau aliingia akakaa chini karibu naye. Huko juu watoto wa Macaire waliulizana kwa Kiingereza kuna nini.

Alipotulia, Macaire alisafisha koo lake kwa adabu.

"Dada, imetoka. Imetoka muzuri. Sasa inabaki sauti ya pili."

"Siwezi," Violet alisema. "Leo siwezi."

"Apana, usiimbe. Iko." Akaelekeza kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Ile ya siku ya kwanza, uliyokosea. Sikuitupa. Ngoja nione."

Akaiweka chini ya ile mpya. Zikakaa. Violet juu, Violet chini, neno kwa neno, kana kwamba zilipimwa siku moja. Gitau alianza kutikisa kichwa kwa furaha. Wimbo ukafika kwenye "narudi", na hapo ile ya juu ikapanda na kushuka kwa wakati wake, lakini ya chini haikushuka. Ilibaki pale pale, imeshikilia noti, ngoma zikaipita, gitaa likaipita, nayo bado imeshikilia.

"Hapo huyo wa chini amechelewa," Gitau alisema. "Kata hiyo, Macaire, ni rahisi."

Macaire aliweka kidole kwenye kitufe, akamtazama Violet. Violet alikuwa anamsikiliza yule Violet wa siku ya kwanza, jinsi alivyovumilia, jinsi alivyokuwa na hakika kwamba mwenzake atashuka sasa hivi.

"Mwacheni," alisema. "Yeye bado hajaambiwa."